Nyumba Iliyo Ng'ambo ya Kijito

Marcella aliletwa kwenye chumba chetu cha sotingi mwaka wa tisini na tano, mtoto mgongoni, na uso wa mtu aliyeambiwa hapana mara nyingi. Sotingi ndipo chai iliyokwisha kukaushwa huchekechwa na kutengwa, ya unga kando na ya punje kando, na vumbi lake huingia puani, masikioni, mpaka kwenye ugali wa mchana. Lazarus, supavaiza wetu, alimtazama huyo mtoto akauliza kama naye ameandikwa kazi. Marcella akamjibu, "Bado. Lakini siku ataandikwa, atakuwa bosi yako." Tulicheka sote isipokuwa Lazarus, na mimi nikampenda huyo mwanamke papo hapo.

Jina langu ni Metrine, mtu wa Magharibi, na huko kambini, kwenye vyumba vya wafanyakazi wa kampuni, tulitenganishwa na ukuta mmoja tu. Usiku nilimsikia akimwimbia mwanawe Kikisii, kwa kuwa kwao ni kule ukishapita Chepilat. Mtoto aliitwa Orina, wa miaka miwili na kitu, mwenye kichwa kikubwa na sauti ya kuagiza watu. Baba yake alikuwa dereva wa lori la majani. Kampuni ilimhamishia shamba lingine, na alipofika huko akahamia pia kwa mwanamke mwingine. Marcella hakumlilia. Alichotaka duniani ni kuwa na Orina, na chumba cha kampuni chenye mlango unaofungika wa kumlaza ndani.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Tuliingia asubuhi na kutoka alasiri, na nasari ya kambi ilipokea watoto tangu alfajiri mpaka majani ya mwisho yapimwe. Nasari hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wachumaji. Mchumaji akishapimiwa majani yake anamchukua mtoto, na yaya anafunga mlango anakwenda zake. Waliopanga hivyo hawakufikiria kwamba mtu wa kiwandani naye huzaa.

Kisha Lazarus akaanza kutuchezea. Alikuwa na tabia yake, ambayo mpaka leo nikiikumbuka damu yangu inachemka. Habari mbaya aliitoa wakati tumeshavua aproni na kushika vikapu, ili asiwepo wa kusimama kubishana. Ijumaa moja akapanda juu ya kreti, akasema, "Kuanzia Monday, sotingi ni saa nane ya mchana mpaka saa nne ya usiku. Majani ni mingi. Mwenye hawezi aniambie sasa, watu wamejaa kwa gate wanataka kazi."

Marcella alitoka bila kuniaga, akaenda moja kwa moja nasari, akamsihi yaya amkalie mtoto mpaka usiku. Yaya naye alikuwa na watoto wake watatu nyumbani. Marcella akatafuta msichana wa kazi, akapata mmoja kutoka Kipkelion, mpole, akakaa naye mpaka mvua ya kwanza, halafu msichana akatoroka kwenda kuolewa. Mimi nilikuwa shifti ileile, kwa hiyo sikumfaa kitu. Siku mbili Marcella alimfungia Orina ndani kwa kufuli, kama wengi walivyofanya pale kambini, na siku hizo mbili alichekecha chai huku akiutazama mlango.

Aliyemwokoa, au hivyo ndivyo tulivyosema wakati ule, ni Kogo Elmina. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na hivyo ndivyo kambi nzima ilivyomwita. Kila asubuhi alileta maziwa kwenye lango letu. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufi aliyoivaa hata jua likiwaka. Boma lake lilikuwa nje ya mashamba ya kampuni, upande wa reserve, ardhi ya wenyeji, ng'ambo ya kijito. Ukisimama pale wanapopakia magunia kwenye malori, ulikiona kipande cha paa lake katikati ya mikaratusi.

"Leta yeye kwangu," alimwambia Marcella. "Mimi niko tu na ng'ombe."

"Nitakulipa ngapi, Kogo?"

"Mtoto si gunia. Sitaki pesa."

Mimi hilo lilinikaa vibaya, na nilisema wazi. Huyu ni mwanamke anayekupimia maziwa na haongezi hata tone, leo anakulelea mtoto bure! Tena watu wa upande wake na watu wa upande wa Marcella, miaka michache tu nyuma, walikuwa wakichomeana nyumba kule mpakani. Marcella aliniuliza kama ninaye mwingine wa kumpa. Sikuwa naye.

Basi Orina akawa anavushwa kijito kila siku saa sita. Kwa kuwa Marcella alitoka kazini usiku, mtoto alilala hukohuko, na mama yake akamfuata asubuhi. Alirudi amenona. Alirudi pia akikataa chinsaga, mboga ambayo kwao hata mtoto asiye na meno huila, akilia apewe mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye masizi. Marcella alicheka. Siku nyingine nilimwita Orina uani na hakugeuka. Mtoto wa jirani akaita "Kipkurui!" naye akaja mbio.

"Nani huyo Kipkurui?" nilimwuliza Marcella.

"Ni Kogo anamwita hivyo. Jina la kubembeleza tu."

Nilitaka kusema neno lakini usingizi ulikuwa umemjaa machoni, nikamhurumia. Siku zile Marcella alikuwa akizungumza nawe huku amelala nusu.

Msimu wa majani mengi ulipofika, Lazarus akapanda tena juu ya kreti. Sasa ilikuwa usiku kucha, na Jumamosi pia. Wiki iliyofuata akasema shifti zitabadilika tukishafika kazini, tutaambiwa mlangoni. Mtu akiomba kujua mapema ili apange mambo ya nyumbani, alijibiwa kwamba kiwanda hakina nyumbani. Kuanzia hapo Orina alihamia kwa Kogo, na mama yake akawa mgeni wa Jumapili.

Ilikuwa Jumapili ndipo jambo lenyewe lilipofanyika. Marcella alitoka kiwandani asubuhi, hakupita hata kambini kunawa uso, akavuka kijito. Alikuta watu kwa Kogo. Wazee watatu wanne, wanawake wa makamo, maziwa yamemiminwa, moto unawaka. Alidhani ni maombi, maana walikuwa wakiomba kwa Kikipsigis na wakiitikia pamoja. Wakamkalisha kwenye kigoda karibu na Kogo, Orina mapajani. Wakawapaka siagi kwenye paji la uso. Mzee mmoja akasema maneno marefu akimtazama yeye, kisha mwanamke mmoja akamfunga nyasi kwenye kifundo cha mkono, zimesukwa vizuri, na nyingine kama hizo akafungwa Kogo. Marcella aliona ni baraka. Kwao Wakisii, mwanamke wa zamani aliyeolewa alijulikana kwa vikuku vya chuma miguuni. Nyanya yake mzaa mama alivivaa mpaka akazeeka navyo. Nyasi mkononi hazikumwambia kitu. Joto la moto likamshika, akasinzia palepale.

Jioni alikuja kazini nazo chini ya mkono wa sweta. Alipoukunja mkono ili aanze kuchekecha, wanawake wa Kikipsigis waliokuwa meza ya pili wakazitazama zile nyasi. Mmoja wao akaja, akampa mkono kwa heshima, kama unavyompa mtu aliyetoka kanisani kufunga ndoa. Marcella akampa mkono vilevile, akafurahi kwamba wanawake hao hatimaye wamempenda.

Siku chache baadaye, shifti ikiwa imegeuzwa tena kuwa ya mchana, tuliambiwa kuna mtu langoni anamtaka Mama Orina. Tulikwenda pamoja. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye koti safi, na kofia aliishika mkononi. Alijitambulisha kuwa Johana, ndugu wa marehemu mume wa Kogo Elmina. Marcella alimjua kwa mbali. Boma lake lilipakana na la Kogo, na ua uliokuwa katikati ulikuwa na tabia ya kuhama. Kila mvua zikija, vigingi vya Johana vilijikuta hatua moja ndani zaidi ya shamba la mjane, na mjane hakuwa na mwana wa kuving'oa.

"Mama, nimekuja na heshima," alisema Johana. "Wewe sasa ni bibi ya shemeji yangu."

Marcella akacheka. Johana hakucheka.

"Ulifungwa nyasi. Watu waliona. Mtoto yako ni ya nyumba ile sasa, na shamba ni yake." Akageuza kofia mikononi taratibu. "Mimi niko na vijana wakubwa. Walikuwa wanajua hiyo shamba ni yao. Mimi sisemi kitu mbaya. Nakwambia tu kama mzazi. Huyo mtoto anapenda kucheza karibu na maji. Mtoto ni kitu kidogo. Mchukue, uende na yeye kwenu."

Akavaa kofia, akatuaga kwa adabu, akaondoka. Sikuwahi kuogopa mtu mpole namna ile.

Tulirudi ndani mbio tukamkamata yule mwanamke aliyempa Marcella mkono. Alishangaa kwamba tunauliza. Kwao, alisema, mama aliyekosa mtoto anaweza kuoa msichana ili nyumba yake isizime. Watoto wa msichana huyo ni watoto wa nyumba hiyo, na ndio warithi wa shamba na ng'ombe. Si jambo la kificho wala la uchawi. Hufanywa mchana, mbele ya watu, kwa ridhaa. "Na wewe uliulizwa," alimwambia Marcella. "Mamangu alikuwa hapo. Uliinamisha kichwa kukubali."

Marcella alikwenda kwa Lazarus akaomba ruhusa. Alimweleza kwamba mtoto wake yuko hatarini. Lazarus alisema wanawake wote wa sotingi wana watoto, na watoto wote wako hatarini siku yenye majani mengi. "Shift ikiisha utaenda. Ukitoka hiyo mlango saa hii, usirudi." Alifungua aproni, akaikunja vizuri kabisa, akaiweka juu ya meza ya kuchekechea, akatoka. Nilitamani kumtupia Lazarus ungo usoni.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Mvua ya mawe ilimkuta kwenye chai, ile yetu ya kila alasiri, na alikimbia ikimpiga kichwani. Kijito kilikuwa kimeanza kubadilika rangi. Ukingoni, kwenye tope, kulikuwa na kiatu kimoja cha plastiki cha Orina. Aliingia majini mpaka kiunoni akiita. Aliita Orina, na alipoona hakuna jibu, akaita Kipkurui, na kuliita jina lile kwa mdomo wake mwenyewe kulimuuma kuliko mawe.

Sauti ilimjibu kutoka juu, kwenye banda la ng'ombe. Orina alikuwa ameketi juu ya debe, mguu mmoja peku, akimtazama Kogo akikamua.

"Kiatu yake ilibaki kwa maji asubuhi," alisema Kogo. "Nilimtoa hapo. Vijana ya Johana walikuwa wanamfundisha kuvuka."

Marcella alimkumbatia mtoto hata akalia. Kisha akamgeukia Kogo kwa hasira zake zote, akamwuliza kwa nini amemwibia mwana. Kogo Elmina aliacha kukamua.

"Mimi sikuiba. Nilikuuliza mbele ya watu, na wewe ukainamisha kichwa."

"Nilikuwa nasinzia, Kogo! Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku!"

Marcella aliniambia kwamba hapo Kogo aliweka mkono mmoja juu ya ng'ombe. "Ulikuwa unasinzia," alisema polepole, na uso wake wote ukaanguka. Alisema alifikiri Marcella anajua. Kila mtu anajua. Mwanamke ameleta mwanawe, amekunywa maziwa ya nyumba, hajauliza bei tena. Ng'ombe wa mahari, wa kumpelekea baba yake Marcella, tayari alikuwa amewatenga pale zizini, akingoja tu Marcella apewe off, siku ya mapumziko, ili wawapeleke pamoja. Off haikutolewa.

Hakumzuia. Alimvalisha Orina sweta, akajaza maziwa kwenye chupa. "Mlango iko wazi," alisema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Lazarus alitimiza neno lake. Kazi ikaisha, na chumba cha kampuni huisha na kazi. Marcella alifunga vitu vyake, akampeleka Orina kwao, ng'ambo ya Chepilat, kwa baba yake. Baba alikuwa amezeeka na neno lilikuwa la kaka yake mkubwa, Omariba. Omariba alimkaribisha, akachinja kuku. Baada ya kula akasema, "Wewe ni dada yetu, kitanda utapata. Lakini huyu, baba yake ana shamba wapi? Kesho akiwa mkubwa, atalima kwa nani?" Wake za ndugu wakatazama chini. Walikuwa wamekwisha kugawana mistari ya chai mpaka penye kaburi la babu.

Marcella alijaribu mashamba mengine mawili ya kampuni. Kwenye la kwanza aliulizwa kama anaweza kufanya kazi usiku. Kwenye la pili aliulizwa hivyo hivyo, tena kabla ya jina. Kwa siku hizo zote Orina alikuwa akiuliza habari za Kogo kwa Kikipsigis, na mama yake hakujua amjibu kwa lugha gani.

Siku aliyorudi alipitia kwangu kwanza. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni. Nilimwambia ana wazimu, kwamba wale vijana walishamwonyesha mtoto njia ya majini, kwamba afadhali aombe barabarani Kericho mjini. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kule barabarani nitamwacha na nani nikienda kuomba, Metrine? Kule kwa Kogo adui ninamjua uso. Na usiku nitalala naye. Pale kiwandani, tangu mvua, sikulala na mtoto wangu."

Akavuka. Alimwambia Kogo Elmina kwamba safari hii amekuja akiwa macho, na kama nyumba bado inamtaka, amekubali. Wazee wakaitwa tena. Ng'ombe wakapelekwa kwa baba yake, na ndugu zake, waliokosa nafasi ya mtoto, nafasi ya ng'ombe waliipata siku hiyohiyo.

Mimi nilikwenda kumwona mwanzo wa mwaka, siku ambayo Lazarus alituachilia kwa kuwa mashine iliharibika. Shamba lilikuwa zuri. Mahindi yamekatwa, ng'ombe wanang'aa, jikoni kuna harufu ya maziwa. Lakini ua wa Johana ulikuwa umefika karibu na choo, na juu ya gogo, upande wa pili, vijana wake wanne walikuwa wameketi. Hawakuwa wakifanya kazi yoyote. Walinisalimia vizuri, mmoja baada ya mwingine, kisha wakarudia kutazama.

Marcella alitoka nyuma ya nyumba na jembe mkononi, na Orina mgongoni. Mtoto wa miaka mitatu, mzito, miguu inaning'inia mpaka magotini pa mama yake! Nilimtania, nikamwambia ataota nundu. Hakucheka. Analima naye, anachota maji naye, anakwenda chooni naye. Kogo akiwa anakamua, Marcella anasimama mlangoni mwa banda. Yeye akilala, Kogo anakesha, kisha wanabadilishana. Nilimtazama macho. Yalikuwa mekundu vilevile kama enzi za sotingi.

Nilitaka kumtoa hapo hata kwa saa mbili tu, achangamke kidogo, aone watu.

"Twende sokoni," nilimwambia. "Tununue vitenge, tunywe chai na mandazi, tutarudi kabla ya mvua. Mtue huyo jitu, mwache hapa."

Marcella aliutazama ua. "Nani atabaki na Orina?" aliniuliza.

Kogo Elmina alikuwa ameketi palepale kati yetu, mikono mitupu mapajani, hana kazi. Nilidhani atakasirika. Alitazama huko alikotazama Marcella, kwenye gogo la wale vijana wanne, akafikiri kidogo.

"Ni kweli," alisema. "Nani?"